Siku Mbili Angani

Fundi wa friji hakuzaliwa mwongo. Lakini mkewe alipompa simu na kusema, "Mama anataka kuja kututembelea, anauliza safari ya ndege ni muda gani," ulimi ulimtangulia akili.

"Shikamoo mama. Ni siku mbili," alisema. "Mbili kamili, na usiku wake."

Ukweli ni mwendo wa saa kumi na moja, ndege moja, bila kushuka popote. Ila walikaa chumba na sebule, na sebule yenyewe nusu ilikuwa ya mota na milango ya friji za watu, na mama mkwe alijulikana kwa kupanga upya nyumba asizolipia kodi. Fundi aliipenda amani yake, akaiona inaponyoka. Mkewe, aliyemkumbuka mama yake mpaka kukosa usingizi, alimkata jicho.

"Siku mbili nafanya nini humo?" mama mkwe aliuliza.

"Hakuna cha kufanya, mama, ndiyo shida yenyewe. Unakaa tu. Hakuna pa kupika wala pa kufua. Chakula unaletewa, vyombo wanaondoa wao. Hata watoto wakikuita huko nyumbani, huwasikii."

Alizidi kutia chumvi, akijiona bingwa. Akajua dawa imeingia.

"Hebu rudia hapo pa vyombo," mama mkwe akasema.

Akarudia. Wiki hiyohiyo tiketi ikakatwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na koleo lake.

Siku ya mapokezi mama mkwe alitoka uwanjani amenuna. Binti yake alimkumbatia huku akilia. Fundi akapokea begi.

"Pole na safari, mama."

"Pole ya nini, na imeisha?" alisema. "Nimekula, nikasinzia, naamka naambiwa tumefika. Nikamwambia yule dada wa ndege, haiwezekani, mkwe wangu kasema siku mbili. Akanicheka." Akashusha sauti. "Mwanangu, tangu niolewe sijakaa kitako mtu asiniite. Zile siku mbili nilizisubiri jamani."

Fundi hakujua auweke wapi uso. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Walipofika nyumbani alirundika vyuma vyote chumbani, akampisha kwenye kochi. Mama mkwe alikaa, akavua viatu, na kabla chai haijaiva alikuwa amelala.

Simu ya mkewe ikaita ndani ya mkoba. Fundi akaichomoa upesi, akatoka nayo kibarazani. Alikuwa kaka mkubwa wa mkewe.

"Mama amefika? Huku hatulioni sufuria kubwa, na watoto wanalia njaa."

Fundi alichungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa akikoroma, mdomo wazi.

"Bado yuko angani, shemeji," alisema. "Hii safari ni siku mbili. Piga keshokutwa."