Daktari wa Meno Asiye na Jirani

Mtu asiyesengenywa na yeyote mimi humwogopa. Huyu daktari wa meno, mchumba wa mdogo wangu, nilimuulizia kwa kila mteja aliyekuja kupimwa nguo barazani kwangu, na wateja wangu wanajua hadi nani kagombana na nani kwa ajili ya ndoo. Hakuna aliyewahi kumsikia. Hana jirani, hana shemeji mkorofi. Mtu gani huyo?

"Ni mpole tu," mdogo wangu akasema, simu kaikumbatia kama kichanga.

Huyo daktari kapewa na Mama Jozi, mwenye ofisi ya kutafutia watu wachumba. Miezi kadhaa wanaandikiana, kuonana bado. Sasa Mama Jozi anataka asaini kwamba ameridhika na huduma, ndipo awakutanishe.

"Umeridhika na nini, na mtu hujamwona?"

"Dada, wewe hata bwana harusi wa jirani ulisema anatembea kama mwizi."

"Kwani hakuiba?"

Baraza zima likacheka. Yeye hakucheka. Jumatatu anasaini, akasema, na ole wake atakayemharibia.

Umbea nao una ufundi wake: ukitaka kujua maneno yanavujia wapi, mwaga uongo upande mmoja, kisha kategee sikio upande wa pili.

"Basi mwambie nimeng'atwa na bata bukini, mguu umevimba. Tuone pole yake."

Akaandika huku akitabasamu.

Kesho yake msusi, anayesukia watu palepale barazani, akawa anatusomea ujumbe wa mchumba wake. Naye alikuwa mteja wa Mama Jozi. Yeye kapewa mhandisi wa meli.

"'Mpenzi wa roho, dada yako mguu umepungua uvimbe? Wale bata ni wakali.'" Akainua uso. "Dada gani? Mimi kwetu nimezaliwa peke yangu!"

Mdogo wangu alikuwa akikata nyuzi. Mkasi ukabaki hewani. Akaichukua ile simu, akasoma, akarudia.

"Mpenzi wa roho," akasema taratibu. "Mimi pia ananiita hivyo."

Tukaenda watatu kwenye ofisi ya kutetea walaji.

"Hujasaini? Afadhali," ofisa akasema. "Ungesaini, wangeng'ang'ania kwamba ulipata ulicholipia. Kumuuzia mtu mchumba asiyekuwepo ni udanganyifu. Ila ushahidi wenyewe ndio hizi jumbe. Zitasomwa zote, na zako pia, mbele ya Mama Jozi na wakili wake."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ubao tu. Usiku nilikuwa nikimsikia; nilijua kuna mambo gani kwenye jumbe hizo.

"Unaweza kuacha, mama," nikamnong'oneza. Mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka jambo lisisikike.

Akaifungua simu, akaiweka mezani mbele ya ofisa.

"Anzia juu kabisa," akasema. "Na pale nilipomwimbia, msiruke."