Viatu Vyekundu vya Kijino

Mwenye binti anayesomea uwakili asome hii mpaka mwisho. Mwenye mjukuu asome mara mbili.

Palikuwa na mama mmoja fundi cherehani, aliyemlea binti yake peke yake. Binti alikuwa na kichwa chepesi na mdomo usiokubali kushindwa. Watoto wenzake wakigombana yeye ndiye aliyeamua, na hata aliyekosa aliondoka ameridhika. Majirani wakamtania yule mama kwamba amejizalia hakimu wa nyumbani. Mama akacheka, akaendelea kukanyaga cherehani, mguu ukavimba, ada zikapatikana.

Binti akawa wakili kweli. Kazi aliyoiweza kuliko wote ni mashauri ya watoto, pale baba na mama wanapoachana na kila mmoja anamtaka mtoto. Mawakili wenzake wakampa jina la Msumari, kwa sababu akishaingia hang'oki. Na alikuwa na maswali yake matatu. Baba wa watu amesimama kizimbani na suti yake, anaeleza anavyompenda mwanawe. Msumari anainuka polepole, anatengeneza joho begani, anauliza: mtoto anavaa kiatu namba ngapi? Nani anamfundisha darasani? Anaogopa nini? Yule baba anaanza kutazama dari kana kwamba majibu yameandikwa huko. Basi, kesi imekwisha.

Msumari aliolewa na fundi majokofu, mwanamume mpole, akazaa binti. Mtoto alipong'oka jino la mbele nalo likachelewa kurudi, nyumba nzima ikawa inamwita Kijino. Yule mama wa cherehani, ambaye sasa ni Bibi, akahamia kwao ili kusaidia.

Kusaidia gani huko. Asubuhi Bibi ndiye aliyemvalisha mtoto, mchana baba ndiye aliyemfuata shuleni akiwa na harufu ya gesi ya majokofu mikononi, jioni wote watatu walikaa mezani wakisubiri. Simu ikipigwa, Msumari alijibu neno moja: naja. Akija, anakula na simu kando ya sahani. Ikilia, anainuka. Kijiko kinabaki kimelala kwenye chakula, na Kijino anakitazama kile kijiko.

Bibi alimwona mwanawe anavyohangaika, alijua alikomtoa, akaona aibu kumlaumu kwa kufanya kile kile alichomsomeshea. Kila pengo aliliziba yeye. Kwenye mkutano wa wazazi alikwenda yeye. Homa ilipompanda mtoto alikesha yeye. Na kwa sababu mapengo yalizibwa vizuri, Msumari hakuwahi kuyaona.

Safari moja ya kikazi Msumari akarudi na viatu vyekundu vya ngozi. Kijino akaruka kwa furaha, hakuvivua hadi kulala. Lakini watoto hukua. Bibi alijua, kwa maana kila muhula alikuwa akikunjua upindo wa sare ya shule. Gauni lina upindo, unaukunjua. Kiatu hakina. Siku moja akamwona mtoto anatembea kama anayekanyaga makaa. Akamvua, akakuta vidole vimejikunja, ngozi ya kisigino imechubuka.

"Bibi, usimwambie mama," Kijino akasema. "Atafikiri sivipendi."

Baba yake alikuwa ameshamnunulia viatu vya kumtosha, vyeusi. Kijino akavaa vyeusi shuleni, na vyekundu siku mama yake akiwa nyumbani. Bibi akaitunza siri ile. Akajiambia ni mambo ya mtoto tu, yatapita.

Ofisi ikamfanya Msumari kuwa mmoja wa wakuu wake, jina lake likachorwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Bibi akapelekwa kuliona, akaligusa kwa kidole, akalia kwa furaha. Wiki hiyo hiyo mkwewe akafungasha nguo zake. Hakupiga mtu, hakutukana. Alisema tu kwamba amechoka kuoa neno naja, na kwamba atamwomba hakimu ampe mtoto.

Msumari alicheka, kicheko cha mtu anayechokozwa kwenye uwanja wake. Akasema atajitetea mwenyewe, wakili wa nini.

Asubuhi ya shauri walikuwa kwenye gari, Bibi kakaa mbele, Kijino nyuma kavaa viatu vyekundu. Bibi akakohoa, akaanza, "Mwanangu, yale maswali yako matatu. Wakikuuliza wewe..." Simu ikalia. Alikuwa mteja. Msumari akainua kidole kimoja, akasema subiri kidogo mama, na hicho kidogo kikawafikisha mpaka kwenye geti la mahakama.

Aliyemsimamia mumewe alikuwa wakili msichana, ambaye Msumari mwenyewe alimfundisha kazi. Alishakunywa chai nyumbani kwao mara nyingi, na Bibi alishamshonea sketi. Akasimama, akatengeneza joho begani vile vile kama alivyofundishwa. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa.

Akauliza, nani anamfundisha mtoto darasani. Msumari akajibu sawasawa. Bibi akashusha pumzi.

Akauliza namba ya kiatu.

"Thelathini," Msumari akasema bila kusita. "Nilimnunulia mimi mwenyewe."

Bibi akafumba macho. Thelathini na mbili, alikuwa akisema moyoni, thelathini na mbili, mwanangu. Lakini chumba cha hakimu hakina mahali pa mama kunong'ona.

"Na anaogopa nini?"

Msumari akatabasamu kidogo. "Giza. Kama watoto wote."

Ikaja zamu ya baba. Akaitaja namba: thelathini na mbili. Kuhusu hofu akainamisha kichwa, akasita sana, mpaka hakimu akamhimiza. Akasema mtoto haogopi giza. Anaogopa simu ya mama yake ikilia mezani.

Hakimu akaomba mtoto aletwe, akamwambia kwa upole avue viatu. Kijino akamtazama mama yake, akakataa. Akasema vinamtosha. Akasema ni vizuri, mama alivinunua. Machozi yalikuwa yakimtoka huku akisema hivyo, na Msumari, aliyeng'oa watoto mikononi mwa baba wengi, akainuka, akapiga magoti mbele ya mwanawe, akavifungua kwa mikono yake. Akaviona vile vidole. Uamuzi ulipokuja, kwamba mtoto akae na baba na mama awe naye Jumamosi, alikuwa bado amevishika viatu, hata kalamu ya kuuandika uamuzi hakushika.

Jioni alimuuliza Bibi jambo moja tu. "Mama, ulijua?"

Bibi alijibu kwamba alijua. Akasema aliogopa kumuumiza. Wakakaa mezani, sahani mbili, hakuna aliyekula.

Jumamosi ya kwanza Kijino aliletwa, kavaa viatu vyeusi. Msumari alikuwa amepika mwenyewe, wali umeshika chini, na simu ameizima na kuiacha garini. Bibi alikaa pembeni akiwatazama. Mtoto alikuwa anakula haraka, kijiko juu ya kijiko, mashavu yamejaa, macho yakizunguka mezani.

"Taratibu, mama, utapaliwa," Msumari akamwambia. "Unakimbilia wapi?"

"Nataka nimalize kabla haijalia."

"Haipo, mwanangu. Nimeizima. Leo hailii."

Kijino akaitikia kwa kichwa, kama mtoto mwenye adabu anavyomwitikia mgeni. Kisha akaendelea kula haraka vile vile.