Choo cha Bi Mwanakombo

Kamba ilipita kando ya kinu, ikapita jiko la mafiga, ikakipita na choo cha makuti, na bado haikuisha. Mume wangu Marselino alikuwa ameshika ncha ya juu, anapanda mtelemko kinyumenyume huku akiinyoosha. Jabiri wa mgambo alikuwa chini, ukingoni mwa bwawa, amekanyaga ncha ya pili kwa buti. Ilipokaza, Marselino alikuwa ameegemea ua wa minyaa, nyuma kabisa ya kiwanja cha Bi Mwanakombo. Nyuma ya minyaa ile kulikuwa na makaburi matatu.

"Imefika," akasema Marselino. Hakulisema neno lile kwa sauti yake ya balozi wa nyumba kumi. Alilisema kama mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe.

Bi Mwanakombo alikuwa barazani kwake, ungo mapajani, anapepeta mchele. Hakuinua macho.

"Imefika wapi, Baba Albano?"

"Kwenye minyaa, bibi."

"Kwa hiyo choo changu kimo ndani."

"Kimo, bibi."

Akapuliza pumba, akaendelea kupepeta. Mie nilikuwa nimesimama njiani na ndoo tupu mkononi, nikateremka bwawani kuchota maji kama kawaida.

Siku hizi ukishuka Mbagala ukamwuliza mtu bwawa lilikuwa wapi, atakushangaa. Pamejengwa, pana maduka ya vifaa vya ujenzi na msikiti wa ghorofa, na maji yanatoka bombani siku yakiamua. Lakini sie tuliohamia miaka ile ya mwanzo tulilikuta bwawa, na bwawa ndilo lililotuweka. Lilikuwa dogo, limezungukwa na magugumaji, maji yake yakitoka chini ya mchanga, baridi hata wakati wa jua kali. Halikuwa na jina. Tuliliita bwawa, basi.

Tulifika mwaka wa sitini na tisa, Marselino na mie, kutoka kwetu Masasi. Yeye alikuwa amepata kazi ya kupakua mizigo bandarini, na hatukuwa na pa kulala. Bi Mwanakombo ndiye aliyetupokea. Alikuwa mwenyeji wa pale, mjane, mkunga, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, na sehemu kubwa ya bonde lile ilikuwa shamba la minazi la mumewe. Tulikaa kwake msimu mzima. Kisha akatupa kipande ng'ambo ya njia, mahali ardhi inapoinamia upande mwingine, akasema, "Jengeni hapo, nipate watu wa kuniitikia hodi." Marselino akauliza tumpe nini. Akamwambia asimtukane.

Mwanangu wa kwanza, Albano, alizaliwa mikononi mwake.

Na masika ya mwaka wa sabini na tatu, Albano alikufa. Alianza kuhara Ijumaa, na kufikia Jumapili macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mzee. Tulimkimbiza hospitali, Marselino amembeba kifuani, lakini njiani alinyamaza. Tuliporudi naye, Bi Mwanakombo alikuwa ameshafagia uwanja wetu na kutandika mkeka. Alinishika kichwa akakilaza kwenye paja lake, nami nikalia hapo mpaka kanga yake ikalowa. Masika ile bonde letu lilizika watoto watatu.

Watu waliendelea kuniita Mama Albano. Ni desturi, na sikuwalaumu. Ila kila nilipoitwa, kulikuwa na muda mfupi, kabla sijaitika, ambao mtoto alikuwa hai.

Mvua zilipokwisha ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kila jioni, saa ya kipindi, tulikusanyika kwa Marselino kuzunguka redio, kina baba kwenye mabenchi, kina mama mkekani, tukisikiliza habari za mbu na maji na vyoo, halafu tukijadiliana. Bi Mwanakombo alikuwa hakosi. Alikaa karibu na mlango, miguu ameinyoosha, na akisikia jambo la kumpendeza alisema "Ehee" polepole.

Siku moja Bwana Afya wa wilaya akaja mwenyewe. Kijana mwembamba, hakuwa na majivuno. Alituchukua mpaka mtelemkoni, akachimba kishimo kwenye mchanga, na chini yake, hatua chache, akachimba kingine. Kile cha juu akakimiminia maji aliyoyakoroga buluu ya kufulia nguo. Tukangoja tukizungumza mambo mengine. Aliporudi kutuita, kishimo cha chini kilikuwa kimetuama maji kidogo, na maji yale yalikuwa na rangi ya buluu.

Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia kimya kimya, naye alikuwa mmoja wa wale waliozika. Mie sikulia. Niliyatazama makuti ya vyoo vilivyokuwa juu ya bwawa, kimoja kimoja. Vilikuwa vinne. Cha karibu kuliko vyote, kilichosimama sawasawa juu ya mahali nilipokuwa nachotea maji, kilikuwa cha Bi Mwanakombo.

"Bibi yangu aliyanywa maji haya," alisema yeye. "Na mama yake. Walizeeka."

"Naamini, mama," Bwana Afya akamjibu kwa heshima. "Lakini bibi yako alikuwa na jirani wangapi?"

Bi Mwanakombo akatazama mapaa yaliyojaa bondeni. "Ehee," akasema.

Hapo hapo tukapitisha sheria yetu. Kuanzia ukingo wa bwawa kwenda juu, kwa urefu wa kamba aliyotukatia Bwana Afya, pasiwe na choo, pasiwe na zizi, pasitupwe taka. Vilivyopo vifukiwe. Anayekubali anyooshe mkono. Niliunyoosha wangu mpaka bega likauma. Na Bi Mwanakombo naye aliunyoosha wake, nilimwona.

Wale wengine watatu walifukia ndani ya wiki, wakachimba nyuma ya nyumba zao. Yeye hakuwa na nyuma. Kiwanja chake kilichobaki, baada ya kuwagawia watu miaka yote ile, kiliishia kwenye minyaa, na ardhi pekee iliyokuwa nje ya kamba ilikuwa pale walipolala mumewe na binti zake wawili.

"Siwezi kuchimba choo miguuni mwa wanangu," alimwambia Marselino. Hakugomba. Alisema kama anayemweleza mgeni njia.

Mume wangu alirudi nyumbani akakaa bila kula. Kesho yake Jabiri akaja kumwuliza kinachongojewa. Jabiri hakuwa mtu mbaya. Mpwa wake alikuwa mmoja wa wale watoto watatu tuliowazika.

"Balozi, wenzake wamefukia," alisema. "Tukimwachia mmoja, masika ikifika kila mtu atakuwa na sababu yake. Nipe ruhusa nije na vijana, tumalize."

"Yule ni mzazi wetu, Jabiri."

"Ndiyo. Na maji ni ya nani?"

Marselino akamwomba angoje siku mbili. Kisha akanitazama, nami nikajua anachotaka kuniomba kabla hajafungua mdomo.

Nilikwenda alasiri. Nilimkuta ametoka kuswali, msala bado haujakunjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Rosalia. Karibu ukae."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikamwambia afukie, atumie choo chetu, njia ni hatua chache tu, kwetu ni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaukunja msala taratibu, akauweka pembeni, akanigeukia.

"Nikuulize jambo moja. Usinijibu kwa adabu. Albano... unadhani ni mie?"

Nje kuku alikuwa anaparua mchanga. Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa neno dogo, na mwanamke yule alistahili kulisikia. Lakini nilikuwa nimeiona ile buluu ikitokeza mchangani, na mwanangu alikuwa amelala udongoni, na hakuna kitu duniani ambacho ningeweza kusema kwa ajili ya mmoja wao bila kumnyima mwingine.

"Sijui, bibi," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja. Akaniuliza kama nimekwisha kula. Nikasema nimekula. Nikaaga.

Asubuhi iliyofuata, wakati Marselino anavaa viatu vya kazini, tulisikia jembe. Tulitoka, tukamkuta Bi Mwanakombo amejifunga kanga kiunoni, ameshaondoa makuti na fito, anavuta udongo kwa jembe na kuujaza shimoni peke yake. Jasho lilikuwa linamtiririka. Marselino akasogea kumpokea jembe. Bibi akamzuia kwa kiganja. Nikarudi ndani nikachukua jembe langu, nikasimama upande wa pili wa shimo, nikaanza kuvuta. Mie hakunizuia. Tulifanya kazi ile mpaka jua likapanda. Tulipomaliza akapashindilia kwa miguu, akamwagia jivu, akasema, "Haya," na kuingia ndani.

Kwa hiyo ikawa anakuja kwetu. Alivuka njia na kopo lake la maji, kanga mbili juu ya kichwa kama mtu anayekwenda msibani, na alichagua nyakati ambazo Marselino hayupo. Kama kuna mgeni uwanjani kwetu alipita moja kwa moja kama anaelekea kwingine. Mwanamke aliyewaona wanawake wote wa bonde lile katika hali ambazo waume zao hawakupata kuziona, sasa alikuwa anaona haya sie kujua ameingia chooni.

Nilichelewa kugundua kwamba alikuwa anakonda. Nilimpelekea mihogo siku moja, siku ya pili nikaikuta bakulini vile vile. Nikatazama mtungi wake. Maji hayakuwa yamepungua. Ndipo nikaelewa. Alikuwa hali na hanywi, ila kidogo sana, ili asilazimike kuvuka njia.

Nilimweleza Marselino. Akaondoka na panga, akaenda mwisho wa kiwanja chetu, akaikata michongoma yetu kwenye pembe inayotazamana na mlango wa Bi Mwanakombo. Jabiri alimkuta huko. Akauliza anafanya nini.

"Naurudisha ua nyuma," Marselino akamjibu. "Pembe hii ni yake. Alitupa yeye, na sheria haiifikii."

Jabiri akavua shati. Walichimba wawili, zamu kwa zamu, hata kufikia Jumamosi choo kilikuwa kimesimama, makuti mapya, mlango wake ukitazama kwake, siyo kwetu. Bi Mwanakombo alikikagua, akagusa fito, akasema kimejengwa vizuri. Aliwapikia ubwabwa. Akaanza tena kula.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Masika ya mwaka uliofuata ilinyesha kama ile iliyotangulia. Kila mama alikuwa anamgusa mtoto wake tumbo asubuhi na jioni. Mvua zikapita, na bonde letu halikuzika mtoto hata mmoja. Katika mkutano watu walipiga makofi, Marselino akasifiwa, kina mama wakapiga vigelegele. "Mmeona?" walikuwa wanaambiana. "Si mmeona?" Nami nilipiga kigelegele, maana furaha ilikuwa ya kweli. Kisha nikatazama karibu na mlango. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa mahali pake, miguu ameinyoosha, anapiga makofi pamoja nasi. Uso wake sijapata kuusahau. Kila kofi lililopigwa chumbani mle lilikuwa jibu la swali aliloniuliza mie.

Baada ya hapo aliacha ukunga. Hakutangaza. Akiitwa alisema mkono unamwuma, wampeleke mgonjwa hospitali. Watu wakazoea.

Mimba yangu ya pili ilitimia mwezi wa tisa. Uchungu ulinishika mchana, Marselino yuko bandarini, jirani akaondoka mbio kutafuta gari. Nikamwambia mtoto wa jirani, "Niitie Bi Mwanakombo." Alirudi akasema bibi anasema mkono unamwuma. Nikamwambia arudi, amwambie Rosalia hamtaki mtu mwingine.

Alikuja. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Gari linakuja, mwanangu."

"Halitawahi, bibi."

Akanitazama vile wakunga wanavyotazama, akaona kwamba ni kweli. Akaagiza maji yachemshwe. Akaagiza sabuni, mche mzima. Akachuchumaa pale pale nilipoweza kumwona, akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akaanza kunawa. Alinawa viganja, alinawa katikati ya vidole, alichokoa kucha kwa kijiti, akasuuza, akajipaka tena sabuni, akaanza upya. Mie uchungu unanipasua, naye ananawa. Ngozi ya mikono yake ikawa imejikunja kwa maji ya moto.

"Inatosha, bibi," nikasema.

"Tazama," akaniambia, akainyoosha yote miwili mbele ya uso wangu, inachuruzika maji. "Umeiona?"

"Nimeiona."

Hakusogea. Nikaishika, nikaivuta, nikaiweka tumboni kwangu.