Mlima wa Goti la Gundula

Daktari alimruhusu dada yangu Gundula siku tatu tu za kuteleza kwenye theluji, ili goti lake lipimwe. Gundula akatutangazia mezani, mimi na mama, kijiko kikiwa bado ndani ya supu ya matonge ya ini: siku hizo tatu zikimshinda, atauza ubao wake wa kutelezea, na asimsikie mtu akiutaja tena.

"Usiseme hivyo," mama alisema.

"Nimeshasema. Na mlima atachagua Otti. Yeye ndiye msomi, ana subira ya kukaa na ramani."

Nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu mdomo wangu huchelewa kupata maneno. Nilisoma jiografia chuoni hapa Innsbruck, na ni kweli napenda ramani kuliko karamu. Lakini hii haikuwa ramani ya mtihani. Gundula alishindana kwa ubao tangu akiwa na miaka kumi na mitano, mpaka kano za goti lake la kushoto zilipochanika majira ya baridi ya mwaka juzi. Tangu hapo amekuwa mtu wa kufunga milango kwa nguvu.

Wiki hiyo nilibakiwa na milima miwili. Hochgrant ni mkubwa, una lifti za vibanda kutoka bondeni hadi kileleni, unaingia na kukaa kama uko sebuleni. Steinlahn ni mdogo, una lifti tatu na mkahawa mmoja, na watu wa mjini huucheka. Kwenye karatasi hakukuwa na mashindano. Ila nilitaka kujua jambo moja ambalo karatasi hazikulisema: tambarare ziko wapi?

Mwenye skii, zile mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu, akifika mahali tambarare hujisukuma kwa fimbo zake mbili na kuendelea na soga. Mwenye ubao amefungwa miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, na hana fimbo. Huinama, hufungua mguu wa nyuma, husukuma ardhi kwa mguu huo, na goti la ule wa mbele uliofungwa hujipinda kwa kila hatua. Mguu wa mbele wa Gundula ni wa kushoto.

Nikapiga simu ofisi ya wageni ya Hochgrant.

"Tambarare?" mama mmoja alicheka. "Mpenzi, huku ni milimani. Kila kitu kinashuka."

"Hata ile njia ya msituni, chini ya kituo cha kati cha lifti?"

"Hata hiyo. Inateremka yenyewe."

"Samahani... wewe huteleza kwa skii au kwa ubao?"

"Kwa skii, tangu nina miaka mitatu. Kuna mtu asiyeteleza kwa skii?"

Nilimshukuru nikakata simu, masikio yakiwaka moto. Nilikuwa karibu kufanya kosa ambalo kwetu kila mtu hulifanya: kumuuliza mwenye skii habari za mwenye ubao. Hakunidanganya. Miguu yake haijawahi kuiona tambarare hiyo.

Jumatano nikaomba ruhusa kazini, nikachukua ubao wangu, nikapanda basi la asubuhi kwenda Hochgrant. Ramani yao imechorwa kwa mkono, nzuri mno, na mchoraji ameinamisha mlima wote kumwelekea mtazamaji kana kwamba ukimwaga maji kileleni yatafika mezani kwako. Niliteremka kwa raha mpaka chini ya kituo cha kati. Hapo njia ikaingia msituni, ikawa tambarare, na ubao ukasimama.

Nikafungua mguu wa nyuma, nikasukuma, nikihesabu. Bibi mmoja mwenye skii alinipita akijisukuma taratibu.

"Kaza mwendo, mwanangu! Bia iko karibu!"

"Karibu wapi?"

"Unapokuja kwa skii, karibu sana!"

Hatua mia nne na kumi na mbili. Nilirudi juu nikajaribu njia ya pili, kisha ya tatu, maana sikutaka kuamini. Zote zilimwagikia kwenye barabara ileile ya msitu. Jioni goti langu, ambalo halina ugonjwa wowote, lilikuwa linanisuta.

Jumamosi nikaenda Steinlahn. Njia zake ni fupi, lakini zinashuka kweli, hakuna hata moja iliyonisimamisha. Tatizo lilikuwa lifti zenyewe. Zote tatu hazina kibanda wala kiti. Ni za nanga: kijiti chenye mkono huku na huku, cha kuvuta hata watu wawili, kinachoning'inia kutoka kwenye waya, unakiegemeza kwenye paja, kinakuvuta mlimani ukiwa umesimama, mguu mmoja tu umefungwa kwenye ubao. Na unaofungwa ni wa mbele. Goti lilelile tena.

Nilisimama pembeni nikitazama nanga zikipita, mpaka mwendesha lifti, mzee mnene anayeitwa Bartl, akatoa kichwa dirishani.

"Binti, unapanda au unazihesabu?"

"Samahani. Je, mtu mwenye ubao anaweza kufunga mguu wa nyuma, aache wa mbele huru? Yaani apande kinyume?"

Bartl alikuna masharubu. "Miaka thelathini sijaona mtu akifanya hivyo. Na wala sijaona mtu akiuliza. Hebu jaribu."

Nilianguka hatua ya tatu. Akasimamisha lifti. Nikaanguka tena, ubao ukaelekea kushoto na mimi kulia. Nyuma yangu palikuwa na klabu nzima ya wastaafu, wamejipanga na skii zao.

"Binti, sisi tuna miaka themanini!" mmoja alipaza sauti. "Hatuna muda wa kusubiri!"

"Mwache ajifunze, Leopold. Wewe mwenyewe ulichukua mwaka mzima!"

Nilitamani theluji inifunike. Nikaanguka mara ya tatu. Mara ya nne nikagundua kuwa nikiweka uzito wote juu ya mguu wa kulia na kuangalia juu, sio chini, ubao hutulia. Nikafika kileleni. Nikabonyeza goti langu la kushoto kwa kidole gumba. Halikuwa limefanya kazi yoyote.

Usiku sikumficha Gundula.

"Steinlahn?" alisema. "Kile kilima cha kufundishia watoto wa chekechea?"

"Hochgrant ina hatua mia nne na kumi na mbili za kusukuma."

"Umezihesabu?"

"Mara tatu."

"We mtoto una wazimu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na hiyo nanga nipande kinyume, kama mtu anayeanza leo? Watu wakinitazama?"

"Watakutazama," nilisema. "Mimi walinitazama."

Alifunga mlango wa chumba chake, lakini polepole.

Ijumaa iliyofuata, siku ya kwanza kati ya zile tatu, tulisimama kwenye lifti ya Steinlahn. Bartl alimkodolea macho. "Wewe si yule Gundula wa mashindano?"

"Nilikuwa."

Nanga ikaja, ikamvuta, akaanguka kifudifudi. Mstari wote ukaona. Alibaki amelala pale, na nilijua anapima: anyanyuke, au afungue ubao, aushike kwapani na kurudi nyumbani.

Bartl akasimamisha lifti. "Mdogo wako alianguka mara tatu. Wewe bado una mbili za akiba!"

Mabega ya Gundula yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mara tatu, Otti? Mbele ya hawa?"

"Mbele ya wazee wa miaka themanini."

Akanyanyuka. Safari hii tulipanda nanga moja, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto. Kwa kuwa sasa mguu wake wa mbele ulikuwa wa kulia na wangu wa kushoto, tulijikuta tunatazamana uso kwa uso njia nzima, na hakuna aliyekuwa na pa kuficha macho.

"Goti?" niliuliza.

"Kimya. Usiliamshe."

Kileleni alikaa chini, akafunga mguu wa kushoto, akakaza kamba mara mbili. Akanyoosha kidole kwenye uwazi kati ya misonobari.

"Ile inakwenda wapi?"

"Sijui. Hiyo sikuijaribu."

"Msomi mzima!" alisema, na tayari alikuwa ameshaanza kuteremka kuelekea huko.