Kahawa ya Kufukuzia

Dada yangu Devleta alikuja kuniaga mchana wa Jumapili. Alikaa kwenye kochi la marehemu mama, mkoba magotini, ametulia tuli. Kesho yake alikuwa anahamia Graz, nchi nyingine, kwa mwanawe, na mimi nilikuwa na neno moja tu la kumwambia: usiende, njoo tukae wote humu, chumba cha mama kiko wazi. Kila nikitaka kulisema, nasema jingine.

Basi nikawa nahangaika. Nilifungua dirisha, nikalifunga. Nikapanga upya visahani ambavyo nilikuwa nimeshavipanga.

"Rabija, kaa chini," akasema. "Unanitia kizunguzungu."

"Si nimekaa."

"Umekaa wapi? Umesimama na kitambaa mkononi."

Na eti nafundisha saikolojia sekondari hapa mjini Travnik, jamani. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba mwili hutangulia: moyo unadunda, mikono inatetemeka, ndipo akili inakuja nyuma na kutafuta jina, hofu au hasira au furaha, na mara nyingine inakosea. Nawafundisha pia zile tabia nne za watu walizozipanga wahenga. Mimi ni yule wa moto, darasa zima linajua. Devleta ni yule wa baridi. Nyumba ikiungua, atauliza kwanza kama kuna aliyeona viatu vyake.

Kahawa ya kupokea tulishakunywa. Ya maongezi pia, tukaongea habari za mjukuu wake, za mvua, za goti langu, za kila kitu isipokuwa lile neno. Devleta anachovya kipande cha sukari taratibu, anakimega kwa meno, anatazama nje kama anayesubiri basi. Damu ikanipanda. Nikajisemea, huyu hajali, kwake kuniacha si kitu. Moyo ulikuwa unanienda mbio, nami nikauita hasira.

Nikaenda jikoni. Mikono ilitaka kazi, nikaipa: nikachota kahawa, nikamimina maji ya moto, nikangoja povu lipande kwenye birika la shaba. Nikarudi na sinia, nikamimina finjani mbili. Ndipo nikamwona Devleta anaikodolea macho finjani yake.

Ilikuwa ya tatu. Kwetu mgeni haambiwi ondoka. Analetewa kahawa ya tatu, naye anaelewa. Mama aliwahi kumtoa hivyo mtu wa bima, bila hata kukunja uso.

"Haya," Devleta akasema polepole. "Nimekuelewa."

Akatia mkoba begani, akainua finjani ainywe kwa adabu, kama tulivyolelewa. Finjani ikagonga kisahani. Ikagonga tena. Kahawa ikamwagikia sketi. Uso wake haukubadilika hata chembe, ila mkono ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.

Mwalimu mzima mimi, na dada yangu wa tumbo moja nilikuwa namsoma usoni tu.

"Dada, sikufukuzi," nikasema. "Naogopa. Naogopa kubaki peke yangu humu, na toka umeingia nashindwa kukwambia. Chumba cha mama kipo. Usiende."

 Akafuta sketi kwa leso, akafuta tena pale palipokwisha kukauka.

"Nimekaa muda wote huu nangoja uniambie," akasema, "halafu unaniletea hii."

"Si ungesema wewe?"

"Mimi? Lini umenisikia mimi nasema?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Yeye hakucheka wala hakulia. Alishusha mkoba begani, akauweka sakafuni, mbali na miguu yake. Kisha akainywa ile kahawa mpaka kwenye mashapo, akanisogezea finjani.

"Mimina nyingine."

Kahawa ya nne kwetu haina jina. Nilirudi jikoni nikaiweka motoni.