Nafasi Tatu za Kumsikiliza Mama

Fundi wa kompyuta alirudi kutoka kazini Jumamosi mchana akiwa hoi. Wiki nzima, kila mtu ofisini kwao aliyesahau nywila alimwita yeye. Alichotaka ni kuvua viatu na kujilaza. Sebuleni akamkuta baba wa mumewe, kinyozi mstaafu, ameinamia kompyuta yake ya bei nafuu, na simu inaita bila kukoma.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Watoto wanabisha hodi, mlango haufunguki."

Tangu mkewe afariki, mzee alikuwa akihamishia kaseti zake kwenye kompyuta. Marehemu alipenda kujirekodi: akiimba huku anapiga pasi, akigombana na redio, akiwasimulia watoto hadithi. Fundi alimshauri awatumie watoto rekodi hizo kwa simu. Mzee akakataa katakata. "Mke wangu hatarushwa huku na huko kama kichekesho. Anayemtaka aje kwake." Basi fundi akaigeuza kompyuta hiyo kuwa seva, ili yeyote mwenye anwani aingie kwa mtandao na kusikiliza kutoka pale pale nyumbani.

Tatizo lilikuwa mfumo wenyewe. Ulikuwa toleo la nyumbani, lile rahisi linalokuja na kompyuta, na programu yake ya seva ilikuwa na nafasi tatu tu za kusikiliza kwa mara moja. Wa nne husubiri. Fundi alimweleza mzee mapema, naye akacheka: "Nani atanijazia sebule?" Leo alikuwa amewatumia anwani watoto na wajukuu wote kwa mkupuo.

Fundi alipokea simu kabla hajakaa. Alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, mbona inazunguka tu?"

"Subiri kidogo, shemeji. Kuna waliokutangulia."

"Kwani ni hospitali?"

Akavuta kiti. Akawa anampigia huyu atoke, yule aingie, sauti yake ikizidi kukauka. Mjukuu mmoja aligoma kutoka mpaka bibi amalize kugombana na redio. Angalau foleni ilisogea. Kisha ikakwama. Fundi akatazama kwenye kioo cha kompyuta: nafasi zote tatu zimeshikwa na mtu mmoja, kutoka kifaa kimoja. Alikuwa wifi yake, kitinda mimba wa nyumba ile, aliyekuwa mbali na hakuwahi mazishi.

Akampigia. "Wifi, umefungua mara tatu. Funga mbili, wenzako wanasubiri."

Nyuma yake sauti ya mama ilisikika ikiimba, nyimbo tatu zimegongana.

"Niliogopa itakatika," wifi alisema. "Nikafungua tena na tena. Nikifunga, si nitakosa nafasi?"

Fundi alijua la kufanya. Kumkata ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Aliweka kidole, akakiondoa.

"Haya, kaa," akasema.

Simu iliyofuata ilikuwa ya shemeji tena. "Mtambo umegoma," fundi akamwambia. "Jaribu jioni." Wengine nao akawaambia hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka uongo ukamchosha kuliko kazi.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Bado yumo?"

"Bado, Baba."

"Mwache." Akaenda kumletea maji ya kunywa, aliporudi akamkuta amekwisha kulala kochini, viatu miguuni. Akaichukua ile simu, akatoka nayo uani ili isimwamshe.

Kesho yake fundi aliweka programu nyingine ya seva, ya bure, isiyo na kikomo kile. Angeiweka tangu mwanzo kama angekuwa na nguvu. Akawapigia wote kuwajulisha. Shemeji alisema atafungua akipata wasaa. Wifi hakupokea, alikuwa anasikiliza.