Lulu Zote za Mtaa wa Chini

Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, msusi aliketi kwenye kigoda chake akicheza mchezo wa video wa mume wake kwenye runinga. Vidole vilikuwa na mafuta ya nywele, na kidude cha kuchezea kilimteleza kila alipobonyeza kitufe cha kuruka. Alikuwa amefika ile hatua ya chini ya maji, ambayo ilimshinda mume wake, dereva wa lori la masafa marefu, akaisingizia mashine kwamba ni mbovu. Kijitu chenye miwani kilipiga mbizi, kikarukia kibaraza, kikarukia dirisha, kikaingiza mkono kwenye ufa wa ukuta na kutoa lulu. Runinga ikakohoa. Chanuo la mti likadondoka mkekani, na maji ya kujaza kikombe yakalifuata.

Msusi alilitambua. Lilikuwa la mwalimu, jirani yao wa mkono wa kushoto kule walikotoka, na mwalimu alilichomeka kwenye ufa huohuo wa ukuta wa nyumba yake siku waliyohama. Alilifuta kwa upindo wa gauni, akalianika dirishani.

"Sogeza huo waya usije ukalowa," alisema mama mkwe wake. Alikuwa amekalia mzigo wake pembeni, akishona kifungo.

Kule walikotoka paliitwa mtaa wa chini kwa sababu palikuwa bondeni, na sasa palikuwa chini kwelikweli, kwenye sakafu ya bwawa. Watu wa mamlaka ya maji waliwaambia wahame kwa muda, bwawa likishapimwa watarudi. Wakazi walikuwa watu makini. Walifanya anachofanya kila mtu anayesafiri: vitu vya thamani wakavificha mlemle ndani kwa kuogopa wezi, milango wakaifunga, na funguo wakaziweka juu ya fremu za milango, mahali ambapo kila mtu huweka akidhani yeye ndiye wa kwanza kupabuni. Wezi hawakuja. Yalikuja maji.

Huku juu walipewa nyumba mpya zilizofanana kama vifungo vya shati, kila moja na bomba lake uani. Asubuhi bomba lilikohoa kama mzee anayejiandaa kuhutubia, kisha likanyamaza mpaka kesho yake. Kwenye kona ya barabara palisimikwa kibao: MAJI YAKO NJIANI. Maji ya kupikia yaliletwa na mtu wa mkokoteni, na ya kufulia yalisubiri mvua.

Mchezo ulisema hatua ile ina lulu arobaini zilizofichwa. Mtu mwingine angehangaika nazo mwaka mzima, lakini msusi alikuwa na njia yake. Alikuwa amesuka karibu kila kichwa cha mtaa ule, na mtu ambaye kichwa chake kimo mikononi mwako hafichi kitu. Mwenye duka la vitambaa alimwambia, katikati ya mistari miwili, kwamba mkasi wa marehemu mama yake uko ndani ya mto wa kulalia. Mke wa fundi viatu alimwambia kuhusu kopo lililo chini ya mafiga. Msusi hakumwambia mtu yeyote, ila sasa alizitumia siri hizo. Kijitu kilichana mto, kikatoa lulu, na mkasi ukaja mkekani ukiwa hata kutu haujashika.

Majirani walifika mmoja mmoja kuchukua vyao. Muuza nyama alikuja kwa meno ya bandia ya baba yake, akayatia kwenye mfuko wa shati na kushukuru. Mwalimu alichana nywele papo hapo. Na kwa kuwa kila lulu ilikuja na maji yake, msusi aliweka beseni chini ya runinga. Maji yalikuwa baridi na safi. Wiki ile mashuka yalifuliwa.

Mume alipopiga simu kutoka njiani, jambo la kwanza aliuliza kama kuna mtu amegusa mchezo wake.

"Nimeugusa," alisema msusi. "Nimebakiza lulu moja."

Dereva akasema hiyo hatua ni nyepesi, ni vile tu yeye hakupata nafasi.

Lulu hiyo moja ndiyo iliyokuwa na kazi. Vya kila mtu vilikuwa vimepatikana, isipokuwa ufunguo wa nyumba yao wenyewe. Mama mkwe alikuwa amesema siku ya kwanza kabisa, mizigo ya wengine ilipokuwa ikifunguliwa, kwamba wake ataufungua siku atakaposhika ufunguo wa nyumba yake. Tangu hapo aliukalia. Alikula akiwa juu yake, akashona juu yake, akasinzia juu yake. Alilala kitandani, ndiyo, lakini kulipokucha alirudi mzigoni kama mtu anayechelea kuachwa na basi. Jambo hilo lilimuuma msusi. Alipapenda huku, kulikuwa na upepo na wateja, lakini nyumba ambayo mama amekalia mzigo haiwi nyumba, inakuwa stendi. Alitaka ule mzigo ufunguliwe kuliko alivyotaka maji.

Alitafuta juu ya fremu ya mlango, akakuta uduvi tu na kaa mmoja aliyekipunguzia kijitu pumzi. Alitafuta chini ya chungu cha maua. Mlango wenyewe ulikuwa wazi, na hilo hakulielewa. Alipokosa pa kutafuta, akafuata bomba kuu.

Bomba hilo lilipita katikati ya mtaa, nene kuliko mlango wa duka. Kijitu kilirukaruka juu yake, kikimeza mapovu ili kisiishiwe pumzi, kikalifuata mpaka mwisho. Upande mmoja lilikwenda kwenye uwanja wenye nyasi fupi na vibendera. Upande wa pili lilikwenda kwenye hoteli yenye mabwawa matatu ya kuogelea. Msusi alirudi akilipapasa kiungo kwa kiungo, akitafuta tawi la kupanda kwao. Halikuwepo. Hapakuwa hata na tundu lililozibwa.

Mhandisi wa mamlaka alipopita kukagua kibao, msusi alimwita ndani akamwonyesha. Mhandisi, mtu mpole mwenye viatu vya matope, aliinama mbele ya runinga akatazama kwa makini. Alisema ndivyo lilivyo, na mchezo umelichora vizuri.

"Sasa mnasemaje maji yako njiani?"

"Maji yapo, dada. Njia ndiyo haijachorwa."

Aliomba maji ya kunywa. Msusi akamchotea kwenye beseni, akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote. Alikata uzi kwa meno, akaiweka sindano, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mwanawe aoe. Alifungua kitambaa cha kichwa, akashuka kwenye mzigo, akaketi sakafuni mbele ya kigoda cha msusi.

"Nisuke," alisema. "Mistari mikubwa, sitaki kuvutwa."

Hicho ndicho kichwa pekee cha mtaa wa chini ambacho msusi hakuwahi kukigusa. Mama mkwe alijifunga nywele mwenyewe miaka yote, na msusi, kwa heshima na kwa woga kidogo, hakuuliza. Sasa alizigawa zile mvi kwa chanuo, akazipaka mafuta, akaanza mstari wa kwanza. Akasubiri. Ilikuwa kwenye mstari wa tatu mama mkwe alipoanza kusema.

"Usitafute juu ya mlango. Niliutupa kisimani."

Msusi aliendelea kusuka.

"Yule aliyekuja kutuambia tutarudi, hakunitazama machoni. Nikajua. Basi nikauacha mlango wazi, maji yasije yakauvunja bure. Ufunguo nikautupa."

"Na mzigo, Mama?"

"Ninyi mlikuwa mnafurahi kwamba mtarudi. Ningefungua mzigo, mngejua kwamba nilijua."

Msusi machozi yalimlengalenga, lakini mikono yake ilikuwa na mafuta, akayaacha yajikaukie. Alimaliza kichwa chote bila haraka. Ulikuwa usukaji mzuri kuliko wote aliowahi kufanya, na mama mkwe alijipapasa akasema si mbaya.

Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba. Kwenye mchezo kilionekana kama pambo tu, na mara kadhaa msusi alikuwa amekiruka bila kukijali. Safari hii kijitu kilitumbukia. Kilishuka kikigonga kuta, pumzi ikapungua mpaka ukingo wa runinga ukawa mwekundu, kikaokota povu moja, kikashuka tena. Lulu ilikuwa chini kabisa, imelala kwenye matope. Runinga ilikohoa kwa muda mrefu, na ufunguo ukadondoka mkekani na kamba yake nyekundu.

Maandishi yakatokea kwamba hatua imekamilika, na kwamba aliyepata lulu zote anaruhusiwa kuingia na kutoka, yeye na watu wake, bila kubana pumzi. Mama mkwe aliyasoma mara mbili. Akapandisha gauni, akachukua ndoo, akainamisha kichwa asije akaharibu nywele, akaingia ndani ya runinga kama mtu anayeingia banda la kuku. Msusi alimwona akitembea mtaa mzima, akichungulia kwa mwalimu, akifika kwake. Alifagia kizingiti kwa mguu. Alivuta mlango, akaufunga kwa ufunguo, akausukuma kuhakikisha. Kisha akachota ndoo kisimani na kurudi.

Kabla ya chakula cha mchana alifungua mzigo. Zilitoka sufuria, mashuka, na pazia la maua alilolitundika dirishani. Lilikuwa fupi kwa kiganja. Alisema atalishonea kipande. Ufunguo aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango mpya, ingawa haukuingia kwenye kitasa chake, akaketi kwenye kiti kwa mara ya kwanza. Msusi alimletea chakula, wakala pamoja, na msusi hakumbuki kama amewahi kula kwa furaha namna ile.

Siku hizi foleni ya ndoo huanzia mlangoni kwao na kuishia kwenye kona. Wanaoingia kwenye runinga kuchota kisimani huvua viatu. Wanaotoka humsalimia mama mkwe na kusifu nywele. Juzi mhandisi alikuja na kopo la rangi akakipaka upya kile kibao, MAJI YAKO NJIANI, herufi kubwa zaidi, na watu wa foleni wakamshikia ngazi.

Asubuhi bomba la uani bado linakohoa. Mama mkwe hulisikia akiwa kitini, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, huliambia pole.